Ushuhuda wa Maziwa

Walinipa dakika tano. Katibu wa kamati ya mazishi alinipigia simu asubuhi, akasema Mama Salome atazikwa kwao Moiben siku ya Ijumaa, na familia imeomba Dada Eva atoe ule ushuhuda wake wa maziwa, dakika tano tu, kabla ya mahubiri. Kwa mazoea ya kazi nikamwambia saba. Akasema ratiba imejaa, kuna waheshimiwa. Tukakubaliana sita. Nilikata simu nikiifurahia ile dakika moja kama ninavyofurahi kila ninapomtoa mtu kwenye bei aliyokuja nayo, halafu nikakaa juu ya furushi la makoti na kukumbuka mambo mawili: kwamba ushuhuda ule si wangu, na kwamba mwenyewe anaishi Moiben.

Nimeutoa mara nyingi sana. Katika hesabu zote za maisha yangu hiyo ndiyo ninayojua sitaifikisha mwisho, kwa sababu nikianza kuhesabu ninaona nyuso. Lakini mara ya kwanza ninaikumbuka vizuri, na mwaka mzima uliozunguka mara hiyo ya kwanza, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikikaa mtaa wa Huruma, Eldoret, na msichana anaitwa Nafula katika chumba kimoja cha mabati. Magodoro mawili, jiko moja la makaa, vikombe vitatu. Siku Nafula alipohamia nilivihesabu vile vikombe mara mbili, maana sijawahi kuiamini hesabu ya kwanza ya kitu chochote, na hicho cha tatu hakikuwa na mkono. Tulikiita cha mgeni. Hatukuwahi kupata mgeni, kwa hiyo kilikaa dirishani na vijiti vya kiberiti ndani.

Nafula alikuwa anafua nguo za watu mtaa wa West Indies, siku sita kwa wiki, na viganja vyake vilipasuka kwa sabuni hata alipokuwa akikupa kitu unahisi kama umeguswa na gome. Aliamka kabla yangu. Alikuwa akiwasha jiko nje mlangoni, moshi ukiisha analiingiza ndani, anaweka chai, na chai ikianza kupanda anafungua daftari lake la shule na kuandika. Aliita hiyo neno la leo. Mistari mitatu, minne, si zaidi. Halafu anasoma kwa sauti, mimi bado nimejifunika blanketi hadi masikioni kwa sababu baridi ya Eldoret asubuhi haina adabu.

“Leo nimefikiria hivi,” alisoma siku moja. “Nikifua shati, doa linatoka, shati linabaki. Lakini mtu akizaliwa upya Mungu anatoa doa na shati pia. Hapo katikati unasimama uchi ukingoja kuvishwa. Watu wengi wakifika hapo katikati wanakimbia, wanachukua shati lao la zamani na doa lake wanaenda.”

“Sasa hiyo ni ibada ama ni baridi?” nikamuuliza.

“Kunywa chai yako, Eva.”

Ndivyo alivyomaliza kila mara. Nikimchokoza, nikibisha, nikimwambia Mungu wake anaonekana hajawahi kulala chumba cha mabati, jibu lilikuwa hilo moja, bila hasira, na kikombe kinasukumwa kwangu. Wakati huo nilidhani anashindwa kujibu. Siku hizi, nikichemsha chai yangu peke yangu katika nyumba yenye vikombe dazeni mbili, ninafikiri yeye ndiye aliyekuwa anashinda.

Hadithi ya maziwa aliniambia Jumapili moja mchana, tukichambua dagaa wa omena sakafuni, yeye anatoa vichwa, mimi ninahesabu kama vinalingana na viwiliwili. Kabla ya Huruma alikuwa ameajiriwa Moiben kwa mkulima wa ng'ombe wa maziwa. Yeye anakamua, mzee mmoja anaitwa Kiplagat anabeba maziwa kwa punda hadi barabarani yanakopimwa. Kila asubuhi Nafula alikuwa anachota jagi moja, anauza kwa mama wa hoteli, na kurudisha jagi moja la maji. Siku ikafika kile kipimo cha kioo, kinachoelea maziwa yakiwa safi, kikazama. Maziwa yakakataliwa mbele ya wakulima wote. Mwajiri akauliza ni nani, na kwa kuwa aliyesimama pale na punda alikuwa Mzee Kiplagat, Mzee Kiplagat akafukuzwa siku hiyo hiyo, baada ya miaka mingi ya kuchunga ng'ombe wale.

“Na wewe?” nikamuuliza.

“Mimi nilinyamaza. Wiki sita.”

Katika zile wiki sita, alisema, hakula kitu kikashuka. Alikuwa akienda kanisani na kuimba kwa mdomo tu. Asubuhi moja akapeleka maziwa mwenyewe barabarani, akasimama katikati ya mstari, akasema kwa sauti, “Ni mimi. Nilikuwa ninaweka maji. Mzee hakujua kitu.” Alisema alihisi kama mtu anayetolewa mahali penye giza kwa kuvutwa kichwa, na kwamba kuzaliwa kunauma, na anayeumia si yule anayezaliwa tu. Mwajiri akamfukuza. Mzee hakurudishwa, kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Kisha Nafula akatembea hadi kwa Mzee Kiplagat kumwomba msamaha.

“Akakusamehe?”

Akatoa vichwa vitatu vya omena kabla hajajibu. “Alinimiminia chai. Akasema, kunywa chai, mwanangu. Halafu uende, na usirudi hapa.”

“Hiyo tu?”

“Hiyo tu.”

Nilimwambia mwisho huo ni mbaya. Nilisema kama mtu anayegeuza sweta na kukuta limeliwa na nondo kwapani: kitu kizuri, lakini hapa hapauziki. Nafula akacheka hadi akashika mbavu. “Eva, hiyo si ya kuuza,” akasema. Nilimsikia. Wakati wa kujitetea umepita, kwa hiyo niandike wazi kwamba nilimsikia.

Mimi nilikuwa nauza makoti ya mitumba sokoni, nje, kwenye mvua. Wanaojua Eldoret wanajua mvua yake ya saa nane, inakuja kama mtu aliyepewa miadi. Wenzangu walikuwa chini ya bati, wakining'iniza nguo zao kavu na kunitazama nikipigana na karatasi ya nailoni. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kufungua biashara, wanawake wa chini ya bati walikuwa na ibada ya nusu saa iliyoongozwa na Mama Salome, muuzaji wa sweta, mama mpana mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyesema kwamba pale ni pa waliookoka tu. Lakini nilihesabu: meza kumi na moja chini ya bati, waliookoka kumi na moja. Nikahesabu tena. Kumi na moja.

Nikaanza kwenda. Desturi yao ilikuwa mgeni asimame, aseme jina, aseme aliokoka vipi. Vipi, si lini tu. Walitaka kusikia ulitolewa wapi. Na mimi sikuwa nimetolewa mahali. Nilikuwa nimebatizwa mtoto, nikaimba kwaya, nikainua mkono katika mikutano minne, na mara zote nne niliinua kwa sababu aliyekaa kando yangu ameinua. Nilisimama mbele ya wale wanawake na mabunda yao ya nguo, Mama Salome akisema, “Haya, binti yangu, Bwana asifiwe, tuambie,” na kweli nilipofungua mdomo nilikuwa ninatafuta yangu. Ikatoka ya Nafula.

Nilianza na punda. Nilipofika kwenye kipimo kuzama, waliokuwa wakifungua mabunda waliacha. Jagi moja likawa majagi matatu, kwa sababu moja lilionekana dogo kwa dhambi ya kusimuliwa mbele ya watu. Na nilipofika kwa Mzee Kiplagat, ule mwisho nikaupiga pasi. Mzee alilia, nikalia, akaniwekea mikono kichwani akasema nenda, dhambi zako zimesamehewa. Mama Salome alinikumbatia hadi nikanusa sufu ya sweta zake. “Mwanangu, Mungu amekutoa mbali,” akasema. Nilikuwa nimetoka umbali wa dakika kumi kwa miguu. Kabla ya wiki mbili kwisha, meza za chini ya bati zilikuwa kumi na mbili.

Sikumwambia Nafula. Lakini aliona ninaamka bila kuamshwa, ninatoka mapema, ninarudi nikiimba nyimbo za pale. Jioni moja akaniuliza, akiwa ameshika mwiko, “Eva, umeokoka?”

“Nimeokoka.”

“Kweli?”

“Si nimekwambia?”

Alitoka, akarudi na unga wa ngano na mafuta, akapika chapati. Katikati ya wiki! Chapati kwetu zilikuwa za Krismasi. Alipika sita, tatu zake, tatu zangu, mikono ile iliyopasuka ikikunjua unga huku chumvi inamuuma na yeye anacheka. Kisha akafungua daftari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya jioni, akaandika mstari mmoja na kunisomea: “Leo Eva amezaliwa.” Nilikula chapati zangu tatu na moja yake. Aliisukuma kwangu mwenyewe. Watu wakiniuliza dhambi kubwa zaidi niliyowahi kufanya, nina kadhaa za kuchagua, lakini ninayoionja mdomoni ni hiyo chapati ya nne.

Mwaka ukaendelea. Wanawake wa makundi mengine ya ibada walisikia juu ya ule ushuhuda wa maziwa, wakaniita. Nilizoea. Nilijua mahali pa kupumzika, mahali pa kushusha sauti. Na kuna kitu cha ajabu ambacho sijui nikiweke wapi: watu walibadilika. Mwanamke mmoja alirudi kwa mama mkwe wake kukiri jambo ambalo hakutuambia. Mwingine aliacha kupunguza mizani yake ya maharagwe, na mimi mwenyewe nilinunua hapo nikahakikisha. Maneno yalikuwa yanafanya kazi kwa kila mtu isipokuwa aliyeyabeba. Nilikuwa nimezaliwa mara ya pili kwa uchungu wa mwanamke mwingine, na asubuhi nikamwachia yeye vyombo.

Desemba waajiri wa Nafula walisafiri, akapata asubuhi za kwake. Alikuwa amechoka na sabuni. Alitaka kuuza nguo za watoto, meza ndogo tu kando yangu, na alijua mwenye kugawa nafasi chini ya bati ni Mama Salome. Hakuniambia anakuja. Alitaka kunifurahisha. Nilimwona akiingia ibada ilipokuwa imeanza, amevaa sketi yake ya kanisani, amejipaka mafuta mikononi, na kabla sijafikiria la kufanya Mama Salome alikuwa ameshasema, “Tuna mgeni. Karibu, binti, Bwana asifiwe, tuambie.”

Akasimama. Akasema jina. Akaanza na punda.

Hakuwa msemaji kama mimi. Alisema polepole, akiangalia chini, na alipofika kwa Mzee Kiplagat alisema yaliyokuwa: chai, nenda, usirudi. Lakini walikuwa wameshaacha kusikiliza zamani. Kwanza walitazamana. Kisha mama mmoja muuza viatu akaguna, “Ngai, hii si ya Eva?” Mwingine akasema, “Na hata kukopi hajui. Ya Eva majagi ni matatu.” “Na mzee alimsamehe!” “Huyu, mwisho ameuharibu kabisa!” Wakacheka, kile kicheko cha watu wanaojiona wamemshika mwizi mdogo. Mama Salome hakucheka. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko, “Binti yangu, ushuhuda hauazimwi. Rudi nyumbani umtafute Mungu, akupe wako.”

Nafula akanitazama. Hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu, na ninajua sasa kwamba alikuwa ananingoja. Mimi nilikuwa nimeshika koti la kahawia la kike. Nikahesabu vifungo vyake. Vitano. Nikahesabu tena. Vitano. Nilipoinua macho alikuwa ameondoka, na ndipo nikatambua kilichokuwa kimetokea: kati ya hesabu ya kwanza ya vifungo na ya pili, nusu ya kwanza ya ushuhuda ilikuwa imegeuka kuwa yangu kweli. Mtu asiye na hatia alifukuzwa mbele ya watu kwa kosa langu, na mimi nilinyamaza.

Nilirudi jioni nikitegemea kukuta chumba kitupu. Nafula alikuwa amepika. Alinipakulia. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, nikayaweka, nikayaondoa, kama mtu anayepanga bei kichwani, na kwa vile hakuniuliza, sikusema. Asubuhi aliwasha jiko kama kawaida, akaandika katika daftari, lakini hakusoma. Akasukuma kikombe kwangu, akanywa chake. Kesho yake hivyo hivyo. Januari ikaingia. Nilijiambia amesahau. Nilijiambia amenisamehe kimyakimya, kama watu wa Mungu wanavyotakiwa. Niliendelea kwenda ibada, nikaendelea kukaa chini ya bati.

Kisha asubuhi moja niliamka nikakuta godoro lake limefungwa kwa kamba na daftari liko ndani ya mfuko.

“Unaenda wapi?”

“Moiben.”

“Leo?”

“Leo zimeisha wiki sita, Eva,” akasema. “Nilikupa zile zile nilizochukua mimi.”

Mimi, ninayehesabu kila kitu mara mbili, sikuwa nimezihesabu hizo hata mara moja. Aliondoka akarudi mahali ambapo mzee alimwambia asirudi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeigeuza Huruma kuwa pabaya zaidi. Chai ilikuwa imeshachemka. Alikuwa amenimiminia, kikombe kimefunikwa na sahani ili kisipoe.

Ijumaa nilifika Moiben mapema. Hema mbili, viti vya plastiki, sufuria za wali nyuma ya nyumba, mahindi yaliyovunwa yamebaki mabua. Nilikuwa nimejiambia huenda hayupo. Alikuwepo. Majirani ndio wanaopika kwenye mazishi, na Nafula ni jirani. Nilimwona kati ya kina mama wa chai, birika kubwa mkononi, mnene kidogo kuliko zamani, kitambaa kichwani. Aliniona pia. Hakugeuka, hakuja.

Nilikaa nikisikiliza wasifu wa Mama Salome na kufanya biashara na nafsi yangu. Ninaweza kusema nimeugua sauti. Ninaweza kusimulia habari za Mama Salome tu, ni msiba wake, kwa nini nimwibie siku. Ninaweza kumwendea Nafula pembeni baadaye, tukamaliza kati yetu, bei nafuu kwa wote. Kila ofa niliyojipa ilikuwa nzuri. Lakini hapo mbele walikaa wanawake sita wa soko waliobaki kati ya wale kumi na mmoja, wazee sasa, na nilijua Nafula hakufukuzwa pembeni.

Mfawidhi akaniita. “Sasa ni Dada Eva, na ule ushuhuda wa maziwa. Dakika sita, dada.”

Niliwasalimu. Nikasema, “Ushuhuda wa maziwa mnaoujua si wangu. Ni wa Nafula, aliyeko pale na birika. Aliwahi kuutoa sokoni mbele yenu, mkamcheka, Mama Salome akamrudisha nyumbani, na mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika koti. Alikuwa anasema kweli. Jagi lilikuwa moja. Mzee hakulia. Mimi ndiye niliyeiba.” Sauti yangu iliisha kabla ya maneno. Nikaongeza, “Sina ushuhuda mwingine. Huu ndio wa kwanza.” Nikakaa.

Hakuna aliyeanguka. Mbingu hazikufunguka juu ya hema. Mama wa viatu alishika mdomo. Nyuma mtu akauliza, “Amesema nini?” na mwenzake akajibu, “Sijui, mambo ya maziwa.” Mfawidhi akasema amina mara mbili, akaangalia karatasi yake, akamkaribisha mheshimiwa. Nilikuwa nimetumia dakika mbili. Nne zilibaki, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua niombe kurudishiwa na nani.

Baada ya kaburi kufunikwa tulipanga foleni ya chai. Ningeweza kwenda foleni ya upande wa pili. Zilikuwa mbili na ile ilikuwa fupi, nilihesabu. Nilikaa katika ya Nafula. Nilipomfikia alichukua kikombe kutoka kwenye beseni, akakikung'uta maji. Mikono yake ilikuwa imepona. Sijui kwa nini sikuwa nimetegemea hivyo.

“Umesema majagi mangapi?” akauliza, macho yake kwenye birika.

“Moja.”

“Moja,” akakubali. Akamimina hadi juu, akanikabidhi. “Kunywa chai yako, Eva.”

Nilisimama pale na kikombe kikiniunguza vidole, nikingoja kama kuna sehemu iliyobaki, ile ya nenda na usirudi. Nyuma yangu watu walianza kulalamika. Akachukua kikombe kingine, akakikung'uta, akamimina.